Mwanzo wa Uongo

Mapendo mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na Mama mdogo Aline yuko jikoni anapika sombe, majani yetu ya muhogo, ya kubeba kesho, kana kwamba Houston hakuna sombe. Mimi nimebaki na meza. Nimeona niandike sasa, kwa sababu kesho asubuhi, gari likishawashwa na ninyi wawili mkiningoja niseme neno, sitalisema. Unanijua. Nitasema, "Haya, mwende salama," kisha nitainama kuangalia matairi.

Sitaandika habari za matairi. Wala za chakula, wala za kufunga mlango, wala za vijana watakaokuambia una macho mazuri. Hayo yote Mama mdogo atakuambia mpaka uchoke. Ndiyo faida ya kwenda kukaa kwake. Nakuandikia kuhusu ule wakati wa hospitali. Ulikuwa mdogo, na mara nyingi ulikuwa umelala au una homa, kwa hiyo kuna mambo unayoyajua kwa kusimuliwa tu, tena vipande vipande. Mimi nilikuwa macho. Mpaka leo, nikiwa kazini nasukuma maboksi, mambo yale hunijia ghafla nikasimama katikati ya njia, mpaka mtu wa forklifti anipigie honi.

Najua Kiswahili unakisoma polepole, kwa sauti, ukirudia neno mara mbili. Soma hivyo hivyo.

Nianze mbali kidogo. Nyumbani kwetu Fizi, babu yako alitufundisha jambo moja kuhusu vita. Alisema: ukisikia mlio wa kwanza, ondoka. Usingoje wa pili ili kuhakikisha. Jirani yetu mmoja alisikia wa kwanza akasema labda ni mti umevunjika. Hatukumwona tena. Sisi tulikimbia kila mlio wa kwanza, tukaacha sufuria motoni, na ndiyo sababu mimi nipo na wewe ukazaliwa. Somo hilo silidharau. Lakini nililibeba mpaka Texas, na huku likanipotosha.

Kazi yangu ya kwanza hapa ilikuwa ya kufua mashuka hotelini. Msimamizi, mama mmoja mpole, aliniuliza kwa Kiingereza kama ningejali kufanya kazi Jumamosi. Nikajibu "yes", maana hilo ndilo neno nililoliamini kuliko mengine yote. Kumbe kwa swali la namna ile, yes maana yake ni: ndiyo, najali, sitaki. Juma lililofuata akauliza tena, nami nikajibu yes na tabasamu juu yake. Haukupita muda, jina langu likatoweka kwenye ratiba. Hakuna aliyenigombeza. Nilirudi nyumbani, nikavua viatu, nikakaa. Nilijiambia Amerika imenikataa. Ulikuwa unakwenda shule na kurudi, unanikuta kwenye kiti kile kile. Ni jirani yetu Mrundi, Papa Dismas, aliyekuja akanishika mkono na kunipeleka kwenye ghala lao. Njiani aliniambia, "Ndugu yangu, mtu hafukuzwi katika nchi nzima kwa sababu ya mashuka."

Nilicheka, nikapata kazi, na ndiko niliko hadi sasa. Lakini sikujifunza. Neno la kwanza niliendelea kulipokea kama hukumu. Na hivyo ndivyo nilivyokuwa siku nilipoingia hospitalini na wewe.

Ugonjwa wako ulikujua kabla hujajua jina lako. Selimundu; kwetu tuliuita SS. Chembe za damu zilizopaswa kuwa za duara zinajikunja kama mundu, zinakwama njiani, na pale zilipokwama panauma. Ulikuwa ukiuma pindo la blanketi ili majirani wasisikie. Ulikuwa ukiniomba radhi kwa kulia. Maji baridi marufuku, kucheza nje wakati wa baridi marufuku, kukimbia sana marufuku. Ulijua majina ya manesi wa dharura kuliko majina ya watoto wa darasani kwako.

Daktari wako, yule mama mrefu anayetembea haraka, akatuambia kwamba Dallas kuna njia. Wangechukua uboho wa mtu wa ukoo, wautie kwako, ili mifupa yako ianze kutengeneza damu nyingine. Mama yako alikuwa ameshafariki. Mama mdogo alikuwa na mimba, haruhusiwi kutoa. Nilibaki mimi. Nikapimwa, nikaambiwa nafanana nawe nusu, na kwamba siku hizi nusu inatosha.

Sijui kama niliwahi kukuambia nilivyofurahi. Baba anampa mtoto chakula, viatu, ada, na vyote hivyo hupatikana dukani. Hiki hakikuwa dukani. Kilikuwa ndani ya nyonga yangu, nilikuwa nakitembeza kila siku ghalani bila kujua.

Wakakupa dawa kali za kufagia uboho wa zamani. Nywele zako zikabaki kwenye foronya. Mimi wakanilaza, wakachoma mfupa, wakavuta walichotaka. Nilitembea kwa kuchechemea na kila aliyeniuliza nilimweleza kwa kirefu. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Damu ilipanda, manesi wakapiga makofi, tukarudi nyumbani. Kisha kipimo baada ya kipimo, sehemu yangu ndani yako ikaanza kupungua. Ikapungua, ikapungua tena, mpaka ikaisha.

Siku ya kuambiwa ulikuwa chumba cha kuchezea na nesi. Mimi nilikuwa na daktari, na mezani palikuwa na simu ambamo mkalimani alikuwa akiongea kutoka mahali nisipopajua. Alikuwa mwanaume mwenye Kiswahili cha pwani, kizuri, kilichonyooka. Akasema, "Mzee, daktari anasema uboho haukushika. Damu iliyorudi ni ile ya mtoto ya zamani." Daktari akaongea tena, akiniangalia mimi, hakuiangalia simu. Mkalimani akasema, "Anasema usikate tamaa. Anasema huu ulikuwa mwanzo wa uongo."

Nikauliza, "Nani alidanganya?"

"Samahani, mzee?"

"Uongo wa nani?"

"Ndivyo alivyosema daktari, mzee. Mwanzo wa uongo."

Yule kaka alikuwa anafanya kazi yake kwa uaminifu, neno kwa neno. Lakini mimi nilikaa pale nikamwona akilini mtoto aliyenyolewa na dawa, nikakumbuka makofi ya manesi, na nikaelewa kwamba yote yale yalikuwa maigizo na sasa wenyewe wanakiri. Tena nilielewa jambo jingine ambalo sikulisema kwa mtu: kwamba uongo wenyewe ulikuwa damu yangu. Nilimwambia mkalimani, "Mwambie tumesikia. Tunakwenda nyumbani." Daktari aliongea maneno mengi. Mimi nilikuwa nimeshasimama.

Wakawa wanapiga simu. Sikupokea. Maumivu yakarudi kama mpangaji mwenye ufunguo wake.

Halafu ikaja ile siku ya barafu. Shule zimefungwa, barabara za hapa kwetu Mansfield zinang'aa kama kioo, na baridi ilikuwa imekuingia kwenye miguu. Nilikuwa nimeketi mwisho wa kitanda nakukanda kwa kitambaa cha moto. Ukaniuliza kwa Kiingereza kwa nini hatujarudi kwa daktari, nami nikakujibu kwa Kiswahili, kama kawaida yetu.

"Walisema wenyewe ilikuwa uongo."

"Nani alisema?"

"Daktari wako. Alisema ni mwanzo wa uongo."

Niliona midomo yako inacheza, unarudisha maneno upande mwingine. Kisha, na maumivu yale yale, ukacheka.

"Papa. Alisema *false start*?"

"Labda. Kitu kama hicho."

"Hiyo siyo uongo, Papa. Hiyo ni ya mbio."

Nikakuambia sielewi. Ukajaribu kukaa, ukashindwa, ukaeleza ukiwa umelala. "Siku ya michezo shuleni. Watoto wamejipanga kwenye line. Mtu mmoja ana-run kabla ya filimbi. Basi mwalimu anasema no, no, rudini wote. Wanarudi, wanaanza tena. Ndiyo hiyo."

"Na yule aliyekimbia ameshindwa?"

"Hapana. Hakuna mtu ameshindwa. Mbio zenyewe hazijaanza."

Nikauliza tena, "Hazijaanza?"

"Hazijaanza, Papa."

Ulijuaje mambo ya mbio, wewe ambaye hukuruhusiwa kukimbia? Nilikuja kuelewa baadaye. Siku za michezo mwalimu alikuwa anakuketisha kivulini karibu naye na kukupa filimbi uipulize. Wenzako walijua kukimbia. Wewe ulijua kuanzisha. Uliwarudisha watoto kwenye mstari mara nyingi, na uliona kwamba wakirudi hakuna anayewacheka.

Nikiwa bado nimeushika mguu wako, nikatoa lile lililokuwa linanila. Nilisema, "Lakini ilikuwa damu yangu, Mapendo. Mwili wako uliikataa."

Uliniangalia kwa jicho la mtu mzima kwenye uso wa mtoto. Ukasema, "Papa, huu mwili hata mimi hauniulizi."

Nimeishi miaka mingi, nimesikia wahubiri wa kila namna, na sijawahi kufunguliwa na maneno kama hayo. Nilikwenda bafuni nikafungua bomba ili usinisikie.

Barafu ilipoyeyuka nikapiga simu mwenyewe, kwa Kiingereza changu hiki hiki. Yule dada wa mapokezi aliniuliza nataka nini. Nilisema ninataka turudi kwenye line. Akaniuliza line gani. Nikasema, "Mwambie daktari, baba yake Mapendo anasema, turudi kwenye line." Sijui alimfikishia vipi, lakini daktari mwenyewe akanipigia, na nikasikia kwamba anatabasamu.

Hawakutaka uboho wangu mara ya pili. Walitaka wa mtu mwingine wa ukoo. Mama mdogo alikuwa ameshajifungua na mtoto ameacha ziwa. Nilimpigia kwake Missouri City, kando ya Houston, nikamweleza. Nilitarajia aombe muda wa kufikiri.

"Papa Mapendo," akasema, "unajua mimi naogopa sindano kuliko nyoka."

"Najua, shemeji."

"Kwani wanachoma wapi?"

"Nyuma, kwenye nyonga. Lakini unakuwa umelala."

Nilimsikia mtoto analia upande wake. Kisha akasema, "Basi vizuri ni nyuma. Sitaona."

Akaja. Akapimwa, akafaa. Mengine unayakumbuka: dawa tena, nywele tena, chumba kile cha milango miwili ambamo hata mimi niliingia kwa barakoa na glavu. Unachoweza kuwa umesahau ni siku yenyewe, kwa sababu ulisinzia. Nilikuwa nimejiandaa kwa jambo kubwa, na jambo lenyewe lilikuwa mfuko mdogo mwekundu ulioning'inizwa kwenye mlingoti. Hakuna kisu. Hakuna aliyefungua mfupa wako. Ilitiririka kwenye mshipa tu, kama maji ya dripu. Nikamuuliza nesi, sasa hiyo itajuaje pa kwenda? Akasema inajua. Inazunguka mwilini mpaka ifike kwenye mifupa, inaingia, inakaa. Nikauliza, nani anaiongoza? Akasema madaktari wana maelezo yao, lakini yeye ameliona mara nyingi na bado huwa anabaki kidogo kutazama. Basi tukabaki, mimi na yeye, tukatazama mfuko ukipungua.

Kisha ikaja kusubiri. Kila asubuhi waliandika ubaoni hesabu ya chembe nyeupe, na kila asubuhi ilikuwa sifuri. Ilikuwa hivyo hata mara ya kwanza, kwa hiyo sikushtuka. Siku waliyoandika namba ndogo isiyo sifuri, nesi alichora ua pembeni. Sikufurahi. Mara ya kwanza pia zilipanda, na nilikuwa nimeyasikia makofi. Nilitaka kile kipimo kingine, kinachoonyesha damu ni ya nani.

Kilipokuja, tulikuwa chumba kile kile chenye simu mezani. Safari hii mkalimani alikuwa mwanamke. Akasema, "Baba, daktari anasema damu yote iliyomo ndani ya mtoto sasa ni ya shangazi yake."

Nikasema, "Mtoto huyu hana shangazi."

Nikasikia karatasi zinapekuliwa. "Aliyetoa uboho siye shangazi?"

"Ni mama yake mdogo. Ni mdogo wake marehemu mama yake. Mimi sina dada."

"Pole, baba. Kwa Kiingereza ni neno moja."

"Lakini umesema yote?"

Akamuuliza daktari. Daktari hakungoja kutafsiriwa, alininyooshea mikono yote miwili, ameifungua. Mkalimani akasema, "Yote, baba."

Halafu daktari akaongeza jambo kama mtu anayesema kitu cha kawaida, huku anakusanya kalamu zake. Alisema ulikuwa kundi O, kama mimi, na kwamba sasa unageuka kuwa kundi B. Ni kawaida, alisema. Damu inafuata kundi la aliyetoa.

Mapendo, hapa ndipo nilipotaka kufika tangu nilipokaa mezani. Nilikuambia mama yako alifariki kambini, kule kwenye kambi ya wakimbizi, akijifungua mdogo wako, ambaye naye hakuishi. Sikukuambia ilivyokuwa. Alitoka damu, na haikusimama. Watu walijitolea, watu wengi, walipanga foleni, mikono ya mashati wameshaikunja. Waliofaa hawakupatikana kwa wakati. Nilikunja shati langu mbele ya kila mtu, na kila aliyenipima alitikisa kichwa, wakasema damu yangu ya O ingefaa lakini ilikuwa imeonekana ina malaria, na siku ile hawakuthubutu. Mama yako alikuwa kundi B. Nililijua kundi lile kama mtu anavyojua jina la mtu aliyemdhulumu. Nilikuwa nimekaa miaka bila kulitamka.

Na sasa daktari ananiambia kwamba ipo. Ipo ndani yako, inatengenezwa na mifupa yako yenyewe, mchana na usiku, bila foleni, bila kuomba. Damu iliyotafutwa siku ile ikakosekana inamwagika ndani ya mtoto wake kama chemchemi. Imepitia kwa mdogo wake, ambaye siku ile alikuwa bado Uvira, binti mdogo, hajui lolote.

Nilimwambia Mama mdogo kwenye ukumbi, karibu na mashine ya soda. Alikuwa ameshika kiuno, bado kinamuuma. Hakulia. Aliangalia mikono yake, ndani na nje, kana kwamba ndiyo kwanza anapewa. Akasema, "Kwa hiyo Dada yuko mule?"

Nikasema, "Sijui nisemeje, shemeji. Damu yenu iko mule."

Akasema, "Inatosha."

Baada ya hapo ulichanjwa upya chanjo zote, kama mtoto mchanga, kwa sababu damu mpya haikukumbuka zile za zamani. Msichana mwenye vitabu mkononi anakaa kwenye kiti kile kidogo na kadi ya watoto wachanga. Nilikuwa natazama nikacheka peke yangu.

Na ile siku ya ziwani, vijana wa kanisa walipokwenda kuoga na msimu ulikuwa bado wa baridi. Ulivua viatu mbele yangu, ukaingia majini mpaka kichwa. Nami nikaingia na viatu vyangu na suruali ya kanisani. Ulipoibuka uliniona nimefika magotini, ukasema, "Papa, maji ni sawa." Jioni ile nilipita mlangoni kwako mara nyingi kuliko inavyostahili. Nilikuwa nasubiri ile sauti ya blanketi kuumwa. Nilisikia ukilalamika kwa simu kwamba mahindi ya ziwani hayakuwa na chumvi.

Sasa unakwenda kusomea upimaji wa ardhi, kazi ya kusimama juani na kwenye upepo kutwa nzima. Ungetaja kazi hiyo zamani ningekuambia uiote tu. Nami najua kitu fulani huko utakianza vibaya. Sijui ni kipi. Huenda somo la kwanza, huenda mtu utakayempenda, huenda kazi itakayokutoa kwenye ratiba kwa sababu umejibu yes pasipofaa.

Siwezi kukuambia kwamba ukirudia utapata. Katika chumba cha jirani kulikuwa na mama kutoka Richardson, mtu wa sala, mtoto wake alirudia kama wewe na haikushika. Tulikuwa tunapeana chai. Sijui kwa nini kwetu ilishika na kwao hapana. Nimelitafuta jibu, sina. Nimebaki na kushangaa, na nimeamua kwamba kushangaa ni bora kuliko kujifanya najua.

Na babu yako hakukosea. Upo mlio ambao ukiusikia ni wa kukimbia moja kwa moja, bila kugeuka. Mtu akikuinulia mkono, huo ni mlio. Usirudi kwenye line yoyote. Shida yangu mimi ilikuwa kwamba sikujua kutofautisha, na sikuuliza. Nilisikia neno moja la lugha ya watu, nikalifunga mfukoni, nikakaa nalo kwenye kiti miezi kadhaa wakati wewe unaumia, na jibu lilikuwa limelala kitandani pale pale ninapokukanda. Ningeuliza mapema, tungerudi mapema. Kwa hiyo neno la namna hiyo likikupata, usiamue peke yako siku ile ile. Muulize mtu neno lile lina maana gani. Muulize Mama mdogo. Niulize mimi, hata kama unajua sitajua. Niulize tu, tutalitazama wawili.

Mama mdogo ananiita nionje chumvi, kwa hiyo naishia hapa. Nitaiweka karatasi hii ndani ya mfuko wako wa Biblia, na tafadhali usiisome mbele yangu.

Lakini niseme hili la leo mchana. Nilikuwa nimesimama chini ya ngazi, na wewe na Mama mdogo mlikuwa mnateremsha godoro lako, yeye mbele, wewe nyuma, mnabishana upande upi uinuliwe. Mlikuwa mnacheka kicheko kimoja. Sikuweza kujua kipi ni chako. Mlipofika chini, yeye aliegemea ukuta. Wewe hukusimama hata kupumua. Ulilibeba godoro peke yako kichwani, jasho linakushuka, uso unang'aa, ukaja moja kwa moja nilipo.

"Papa," ukasema, "uko njiani."

Nikasogea.

Ni mimi,
Papa